Bwana Jaza na Seva ya Chuo

Binti yangu wa kwanza hunyamaza anapoonewa. Tabia hiyo hakuirithi kwangu.

Ni fundi wa mtandao chuoni. Anatunza seva inayoangalia mitambo yote ya mtandao: kifaa kikizimika maktaba au maabara, seva ndiyo inayopiga kelele. Ina kumbukumbu ya giga kumi na sita. Aliigawa vizuri: nane za programu ya usimamizi, nyingine za hifadhidata na mfumo wenyewe. Alinieleza tukikunja nguo. "Mama, mgeni ukimpa nyumba nzima, wenyeji watalala wapi?" Nimefundisha hisabati miaka thelathini, nilimwelewa mara moja.

Wiki ya usajili programu ikaanza kujikokota. Akaiongezea giga moja, akataka kuitazama siku mbili kabla ya kuongeza nyingine. Mkuu wake wa kitengo, ambaye vijana wa ofisini humwita Bwana Jaza, hana subira hiyo. Binti alipotoka kwenda kula, akaandika kumi na sita, akaiwasha upya programu, akaenda zake akipiga mluzi.

Mtaka yote hukosa yote. Programu ilimeza kumbukumbu yote, mfumo ukakosa pumzi, ukaiua ili ujiokoe. Kwa saa nne chuo kilikuwa kipofu. Swichi inayogawa mtandao ukumbi wa usajili ilizimika na hakuna aliyejua, wanafunzi wakipanga foleni juani.

Kwenye kikao, mbele ya watu kumi na wawili, Bwana Jaza akaruka futi mia. "Mwulizeni huyu. Si ndiye fundi? Kazi yenyewe kaipata kwa mgongo wa marehemu baba yake."

Mume wangu alikuwa mhasibu wa chuo hicho. Hakumwombea mtu kazi, hata mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alimnunia hadi kaburini.

Binti alirudi na karatasi mkobani. Seva huandika nani kabadili nini na saa ngapi. Jina la mkuu lilikuwepo, saa saba na dakika kumi.

"Umeikalia ya nini?"

"Ana watoto, Mama."

"Na mimi nina nini, mbuzi? Kazi yako isamehe ukitaka. Jina la baba yako si lako peke yako."

Asubuhi alimpelekea mkuu wake ile karatasi. Bwana Jaza akafunga mlango, akalainika. "Dada yangu, yaishe humu humu."

"Ulinisema mbele ya watu kumi na wawili, bosi. Waite."

Akawaita. Karatasi ikasomwa, akaomba radhi kwa zile giga, na binti yangu amebaki na kazi yake. Kuhusu mume wangu hakutamka neno. Binti anasema yametosha.

Hayajatosha. Nimeandika barua kwa mkuu wa chuo, na Jumatatu naipeleka mwenyewe kwa mkono. Nitasubiri aisome nikiwa hapo hapo.