Nusu ya Kichwa

Msusi mmoja, mhamiaji hapo mtaani, huongea huku ameuma kitana, na vidole vyake vyembamba hukimbia kasi kwenye nywele kuliko maneno yake. Kila anayekaa kitini, msusi humvuta sikio kwanza, ati apime kama ni mtu wa kulialia. Umbea wote ruksa kwake: mume wa fulani, wifi wa fulani, hata aibu zake mwenyewe huzichangia. Lakini siku hizi redio imeanza kuwachamba watu wa kabila moja la hapo mtaani, na Jumamosi mteja wake wa miaka mingi, mama muuza vitambaa, akadakia: "Wale si watu, shoga. Ni kunguni."

Vidole vikasimama. Msusi akaenda kukaa pembeni.

"Mbona umeacha? Umesuka upande mmoja tu!"

"Kwetu ilianza hivi hivi, dada. Kwanza watu waliitwa wadudu. Kisha ikatafutwa dawa ya wadudu." Sauti yake, ambayo kila siku ni tarumbeta, ilishuka.

Mama akasusa, akatoka. Upande mmoja mistari imelala, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Barabarani hata mbuzi aligeuka kumtazama. Akarudi mbio, akajitupa kitini.

"Haya, ni watu! Lakini wana kelele!"

"Kelele sawa," msusi akasema, akimsogelea. "Hata wewe unazo. Inamisha kichwa."