Kuhesabu Mlolongo Kikima

Naibu wa chifu wetu hakuwa akisema neno kabla ya kupangusa viatu vyake kwa nyasi. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wachache walijitokeza Kikima, kwa kuogopa kuonekana wamesimama foleni nyuma ya picha ya mgombea gani, kwani ndivyo kura ilivyopigwa. Alituhesabu kwa kutugusa begani, kwa vidole vyepesi. Chifu alikuwa amemwonya kwamba mtu wa nyumba yake akimpinga mbunge, kazi yake imekwisha. Katika foleni ya mpinzani alimkuta mkewe, amesimama mbele yangu.

“Mama Ndeti, nenda ukapike.”

“Nitapika ukishanihesabu.”

Wanawake wakacheka. Alimgusa kama wengine, akataja nambari yake wazi, chifu akisikia, kisha akanigusa mimi.