Nilivyofuata udongo wa kaburi la Tumaini

Nilisafiri kwa sababu ya mkeka. Tangu tulipopigiwa simu kwamba mdogo wangu Tumaini amefariki huko Uswisi, mama yetu alikaa kwenye mkeka sebuleni kwake, kijijini Ihanda, akakataa kunyanyuka. Alikula pale na kulala pale. Majirani walishakunja maturubai wakarudi mashambani, mchungaji alishakuja mara nyingi na kuondoka. Mama alisema hajaona jeneza wala hajatupa udongo, kwa hiyo kwake msiba haujaisha.

"Nileteeni udongo wa kaburi lake," alisema. "Nikiushika nitanyanyuka."

Mimi ndiye kaka mkubwa. Hansi, mume wa Tumaini, alinitumia tiketi. Huyu Hansi ni mfugaji wa ng'ombe, lakini zamani alikaa huku kwetu Mbozi miaka kadhaa akifanya kazi na wakulima wa kahawa, na ndipo walipokutana. Kiswahili anakijua, ingawa anakikatakata kama kuni.

Tunduma, asubuhi ya kuondoka. Ninaishi hapo, nina mashine ya kusaga. Baba Wema, jirani yangu anayeuza vipuri, alinikuta na begi.

"Yona, wenzako wakienda Ulaya wanaleta magari. Wewe unafuata udongo?"

"Mama ameagiza."

"Haya. Angalia wasikupe mchanga."

Basi letu lilikwama katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, kama kawaida yake, na dereva akazima injini akaenda kunywa chai. Nilifika Dar es Salaam nimekasirika, nikapanda ndege nimekasirika.

Uswisi, siku iliyofuata. Treni iliondoka dakika ileile iliyoandikwa, nikabaki nje naitazama, maana nilikuwa bado nauliza kama ndiyo yenyewe. Nikapanda ya pili. Baadaye nikapanda basi dogo la njano lililokuwa na dereva na mimi tu, likapanda mlima mpaka kijijini kwa Hansi. Jina la kijiji hicho linanishinda kutamka hadi leo, kwa hiyo sitajifanya ninalijua.

Ni kijiji cha nyumba chache za mbao, na zizi limeunganishwa na nyumba ya kuishi. Samadi imerundikwa mbele ya nyumba, imenyooshwa kingo vizuri kama mtu anajenga ukuta. Duka hakuna. Shule ilifungwa na sasa ndani wanaishi wazee wawili. Kando ya barabara kuna kabati la mayai lisilo na muuzaji. Unachukua mayai, unaacha hela kwenye kopo. Kwetu Tunduma jua lingechomoza lisikute hata kabati. Lakini watu wako wapi? Nilitembea kijiji kizima nikasalimiwa na mbwa.

Katikati kuna jengo lenye saa. Nilimuuliza Hansi ni la nini.

"Zamani ilikuwa ofisi yetu," alisema. "Sisi tulikuwa serikali yetu wenyewe, shemeji. Watu kidogo, lakini yetu. Baadaye tukapiga kura, tukaunganishwa na mji wa chini."

"Wewe ulikubali?"

"Hapana. Tumaini alinicheka. Alisema kwenu Songwe mnagawanya mikoa na wilaya, kwetu tunaunganisha, na ofisi inabaki mbali vilevile."

Hansi aliyasema hayo bila hata uso kubadilika. Hilo ndilo lililonichosha kuliko safari. Nyumba ya msiba, lakini alfajiri aliamka kukamua kama kila siku, akarudi, akakata mkate na jibini, akasema, "Kula, shemeji." Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekuja kukaa nasi. Buti za Tumaini zilikuwa mlangoni na Hansi alizipita kama anapita mawe.

Jumapili, baada ya ibada. Nilichukua kopo tupu la kahawa na kijiko kikubwa nikaenda makaburini. Kaburi la Tumaini lilikuwa na msalaba wa mbao na maua yaliyopangwa kama bustani. Nilipiga magoti, nikalia kwa sauti kama tunavyolia kwetu, kisha nikaanza kuchimba. Sikuwa nimejaza hata nusu kopo nilipomsikia bibi mmoja akipiga kelele kutoka kwenye bomba la maji. Hansi akaja anakimbia.

"Huyu ni Bibi Rosa, jirani yetu," alisema huku anahema. "Anasema leo Jumapili, kazi hakuna. Pia anauliza kwa nini unachukua udongo wake."

"Udongo wake vipi? Kaburi ni la dada yangu!"

Bibi Rosa akaongea kwa muda mrefu, akionyesha maua.

"Anasema alinunua dukani, mjini, mfuko mzima. Wa maua. Udongo wenyewe uko chini sana."

Nikamwaga kopo. Nilimkumbuka Baba Wema nikatamani kucheka, lakini nilikishika tena kijiko.

"Basi nichimbe mpaka chini."

"Hapana, shemeji. Ruhusa. Ruhusa iko mjini."

Jumatatu, mjini. Kijana wa ofisini alikuwa mpole mno. Alitupa pole. Alisema ombi letu litazungumzwa kwenye kikao cha mwezi ujao. Hansi alimweleza kwamba ninaondoka kesho. Kijana akatupa pole tena.

Jioni hiyo tulirudi kijijini. Hansi alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya zizi. Kulikuwa na kishamba kidogo, kama sebule mbili, na mabua makavu ya mahindi ya mwaka uliopita. Ukutani lilining'inia jembe. Nililijua, ni lile ambalo mama alimpa Tumaini alipoolewa.

"Chukua hapa," alisema. "Hapa alilima yeye."

"Mama ametaka udongo wa kaburi, Hansi. Siwezi kumdanganya."

"Usimdanganye. Mwambie." Akayagusa yale mabua. "Shemeji, haya mahindi, mwaka huu nipande lini? Yeye tu alijua."

"Huku kwenu na baridi hii yatakomaa?"

"Hayajakomaa hata mwaka mmoja. Tunawapa ng'ombe." Sauti yake ikakatika, akageukia ukuta. "Lakini nipande lini?"

Nilijaza kopo kwa mkono.

Uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Ofisa alilifungua kopo, akanusa.

"Mzee, hii ni nini?"

"Udongo."

"Umetoka Ulaya na udongo? Kwetu umeisha?"

"Wa msiba."

Akalifunga kopo, akanirudishia. Ni mtu wa kwanza katika safari nzima ambaye sikuhitaji kumweleza mara mbili.

Ihanda. Mama alikuwa palepale. Nilikaa chini nikamwambia yote: maua, Bibi Rosa, kijana wa ofisini, kishamba. Nilimwambia huu si udongo wa kaburi. Alirudisha kopo kwangu.

"Nilikutuma kitu kimoja, Yona."

Ndipo nikamweleza swali la Hansi. Nilikwenda kule nikiamini kwamba mtu asiyelia mbele yangu hana msiba, na nimerudi najua nilikosea. Hilo ndilo nililojifunza, mengine yote ni uchovu.

Mama alivuta kopo. Akatia mkono ndani, akauvunjavunja udongo kwa vidole kwa muda mrefu.

"Mpigie."

Kwetu mama mkwe haongei na mkwe wake wa kiume, na mama hakuwahi kuongea na Hansi hata siku moja. Nilishika simu katikati yetu, naye akaniambia mimi, kwa sauti ya kufika mbali:

"Mwambie mkwe asifuate kalenda. Aushike udongo. Ukimchoma kwa baridi, asubiri. Usipomchoma, apande, mbegu mbili mbili kila shimo."

Kwenye simu Hansi alikuwa analia, kwa sauti, kama mtu wa kwetu. Mama alisikiliza mpaka akanyamaza. Kisha akaninyooshea mkono.

"Nivute," alisema. "Miguu imekufa ganzi."