Mama Hakupiga Makofi

Kuna siku moja, mwanangu Wangechi, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Huja yenyewe nikiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga na akili imekwenda zake. Ni siku niliyompeleka mama yangu Nairobi kumsikiliza baba yako akipiga piano.

Uliponipigia simu kuniambia kwamba chuoni kwenu mnaandaa tamasha, na kwamba wenzako wanakushauri uchague jina jepesi la kutangazwa kwa sababu Wangechi ni jina la shambani, nilikujibu kwamba nitafikiria. Kusema kweli sikuwa na la kufikiria. Nilitaka kwanza nitulize moyo.

Baba yako angeweza kukusimulia mwenyewe. Leo asubuhi nilimpitia kule Kiganjo nikamkuta anakamua ng'ombe, nikamweleza ulichoniuliza. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwambie wewe. Mimi sitamaliza." Basi nakwambia mimi, shangazi yako, na ukiona nazunguka sana nivumilie. Mzee haendi mbio kwenye njia anayojua ina mashimo.

Unajua jinsi sisi tunavyopeana majina. Mtoto wa kiume wa kwanza ni wa babu mzaa baba, na wa pili ni wa babu mzaa mama. Baba yako alizaliwa wa pili, akapewa jina la Ndirangu, baba yake mama yangu, aliyekuwa ameshafariki. Mzee Ndirangu alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kukunjua na kukunja kifuani. Kila walipocheza mwomboko pande zetu za Chaka, ndiye aliyeitwa. Alitunga wimbo mmoja ambao mama alituimbia tukiwa mgongoni, na sisi tukawaimbia wadogo zetu.

Kwa hiyo mama hakumwita baba yako kwa jina. Alimwita Baba. Wala hakumchapa hata siku moja, kwani nani humchapa babake? Sisi wengine tulichapwa fungu letu na lake pia. Alipovunja kibuyu cha maziwa, mama aliketi chini akasema, "Baba, leo umeniumiza." Naye, kitoto kamasi puani, akajibu, "Pole, msichana wangu." Nyumba nzima tulicheka. Hayo yakawa mazoea yao mpaka akabaleghe: huyu akiita Baba, yule anaitika, msichana wangu. Usiyasahau hayo, nitayarudia.

Akakua na kodiani ya babu yake, kisha kinanda cha kanisa, kisha akapata nafasi ya kusoma muziki Nairobi, kama wewe. Tulimsindikiza kwa maombi na chai nyingi. Mji mkubwa haukumpokea vibaya, mwanangu, haukumpokea tu. Unaishi huko sasa, unajua ninachosema. Unaweza kuumwa siku nzima chumbani na jirani akapita mlangoni akipiga mluzi. Wenzake walikuwa wametoka shule kubwa. Walicheka vile alivyochanganya r na l, na jina lake liliposomwa darasani kulikuwa na mtu wa kulirudia kwa sauti ya ng'ombe. Ukichekwa kila siku, unaanza kukata kile kinachochekwa. Akakata jina. Akawa Danny Rango, na sisi huku nyumbani hatukujua.

Alipokaribia kumaliza masomo akatuita kwenye tamasha lao. Wakati huo nilikuwa nashona kwenye veranda ya duka la vitambaa la Wahindi hapa Nyeri mjini. Bibi mwenye duka, mkali kweli kweli kwa mambo ya kazi, aliposikia safari yetu alinikatia kitambaa cha buluu akaniambia, "Shonea mama yako. Mama ya mpiga piano haendi na nguo mzee." Nikashona gauni lenye kola. Mama hakuweza kuliona vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga tu na vivuli. Aliipapasa kola hiyo njia nzima.

"Huko watamtaja kwa jina?" aliniuliza.

"Watamtaja, mama."

"Kwa sauti? Na watu wamekaa kwa viti?"

"Ukumbi mzima, mama."

Akasema, "Baba yangu alipiga kodiani maisha yake yote, na hakuna mtu aliwahi kusimama mbele ya watu aseme, huyu ni Ndirangu. Walisema tu, leteni yule wa kodiani." Hapo ndipo nilipoelewa amefuata nini Nairobi. Alikwenda kumsikia mwanawe, ndiyo, lakini zaidi alikwenda kumsikia babake akiitwa.

Tukafika ukumbini, tukakaa. Wanafunzi wakapanda jukwaani mmoja mmoja, na kila mmoja alipotajwa mama alikaza shingo, kisha akailegeza. Halafu mtangazaji akasema, "Na sasa, Danny Rango, kwa wimbo aliotunga mwenyewe." Kaka yangu akatokea na tai ya kipepeo.

Nikamnong'oneza mama, "Ndiye huyu."

"Hapana," akasema. "Hawajamwita."

Baba yako akaanza kupiga. Mwanangu, alipiga! Nasema hivyo ingawa moyo ulikuwa unaniuma. Na kilichotoka kwenye piano ile, kimevishwa nguo za kizungu lakini mifupa ni ile ile, kilikuwa wimbo wa mwomboko wa mzee Ndirangu. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu, kimya kimya, mahali pale pale ambapo zamani, kwenye mwomboko, kingelia kile chuma kinachogongwa kufuatisha kodiani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye alikuwa amemwona aliyeunda.

Wimbo ulipokwisha, ukumbi ukasimama. Mtangazaji akarudia, "Danny Rango!" Watu wakapiga makofi mpaka nikahisi viti vinatikisika. Mikono ya mama ilibaki mapajani, juu ya gauni la buluu, viganja vikitazama juu.

Baba yako akashuka akaja kwetu, jasho usoni, furaha tupu. Mama akamnyooshea mkono kama unavyomsalimu mgeni.

"Kijana, umepiga vizuri," akasema. "Huo wimbo ni ya baba yangu. Wewe ni wa nani?"

Hilo ni swali ambalo mzee wa kwetu humuuliza mtoto asiyemjua njiani. Baba yako alicheka, akidhani ni utani wao wa siku zote.

"Mum, si ni mimi!"

"Wewe nani?"

Kicheko kikaisha. "Mum, watu wa hapa hawawezi tamka jina yangu. Hiyo ni jina ya steji tu. Si kitu."

"Ati si kitu." Mama hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Niko na macho mbaya, lakini masikio ni mazima. Nilikuja kusikia baba yangu akiitwa. Hakuitwa. Na wimbo yake imepewa mtu mwingine."

Akaniomba nimtoe nje. Tukarudi nyumbani bila kula.

Tangu siku hiyo mama alimwita Danny. Usidhani alimnunia. Ingekuwa afadhali, kwa kuwa aliyenuna huweza kubembelezwa. Baba yako alipokuwa akipiga piano kwenye mahoteli ya Nanyuki na Nairobi, alikuja nyumbani kila alipopata nafasi, na kila mara mama alimpokea kwa adabu. "Karibu, Danny. Utakunywa chai?" Chai ikaletwa kwenye kikombe cha wageni, kile chenye sahani. Sisi tulikunywa kwa vikombe vya bati, tukisukumana na kutaniana, naye amekaa kwenye kiti kizuri na kisahani gotini, kama mtu wa bima.

Krismasi moja alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, niite vile ulikuwa unaniita."

Mama akampapasa kichwa. "Jina nilikupa, wewe ukarudisha. Sasa nitatoa wapi ingine?"

Mimi sikuona kwamba haki yote ilikuwa upande wa mama, na nilimwambia hivyo tulipobaki wawili. Nilimwambia, mama, inatosha, kijana anakonda. Alinijibu kwamba yeye hajakataa, ni mdomo ndio umekataa. Kila akijaribu kusema Baba, anausikia ule ukumbi. Nilimwona akilia. Walikuwa wanaumia wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza, na chai inapoa. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata kama aliyemwaga na aliyemwagikiwa wote wana kiu.

Ulipozaliwa baba yako alikuleta kwa mama akiwa amekupa jina la mama, Wangechi, kama ilivyo desturi. Alitumaini. Mama alikukumbatia akasema, "Huyu ni mimi," na akacheka kama zamani. Kisha akageuka. "Asante sana, Danny." Nilimwona baba yako akitoka kwenda kusimama zizini.

Halafu mama akaugua. Tulikuwa naye hospitalini hapa Nyeri, mimi upande huu wa kitanda na baba yako upande ule. Alikuwa hasemi tena. Saa ya chai, wauguzi wakipita na mikokoteni, akafungua midomo akasema, wazi kabisa, "Baba."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameinuka nusu. Najua alichotaka kusema. Kilikuwa kimemfika kooni: nipo, msichana wangu. Lakini akasita. Hakujua kama anaitwa yeye au anaitwa yule mzee wa kodiani aliyetangulia. Miaka yote hiyo alikuwa amezoea kwamba jina lile si lake, na mtu haitikii jina lisilo lake. Mama akangoja kidogo, uso umeelekea kwake. Kisha akageuza uso ukutani. Hakuzungumza tena mpaka alipotuacha.

Kwenye korido baba yako aliniuliza, "Alikuwa ananiita mimi?" Ningeweza kumdanganya, na pengine Mungu angenisamehe. Nilimwambia sijui. Hata leo sijui.

Hakugusa piano baada ya mazishi. Kodiani ya babu iko juu ya kabati lake, imefunikwa kitambaa nilichokipindia ukingo mimi mwenyewe. Wewe umekuwa ukiiona tangu utotoni na ukauliza mbona haipigwi. Ndiyo hiyo sababu.

Sasa nasaha yangu, na uipokee kwa mikono miwili. Mji utakuomba vitu. Upe vingine, hakuna anayeishi mahali bila kubadilika: jifunze lugha yao, chakula chao, hata vaa suruali zao zilizochanika magotini, mimi nitafumba macho. Jina la jukwaani si dhambi, kuna watu wema wanalo. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa huanza kwa kukubali kidogo ili asichekwe. Ukipiga wimbo wa watu wenu, taja ni wa nani. Na siku mtu wako atakapotoka mbali kuja kukusikiliza, hakikisha akisikia jina lako atajua kwamba naye ameitwa. Kula ushibe. Msalimie jirani hata asipojibu. Na mama yako au mimi tukikuita kwa simu, itika upesi, mwanangu. Usisite.

Litazame jina lako lote: Wangechi wa Ndirangu. Ndilo jina la mama yangu alipokuwa msichana, herufi kwa herufi, yeye na babake pamoja. Wanaokwambia ni zito hawakukosea. Libebe hivyo hivyo.

Mungu wa mlima huu tunaouona kila asubuhi akulinde kwenye ngazi na barabara za huko, vidole vyako visipate baridi, na moyo wako usikose wa kuongea naye. Tamasha lenu nitakuja. Nimemwambia baba yako pia. Aliendelea kukamua, lakini nilipofika langoni aliniita akaniuliza linaanza saa ngapi. Tutakaa nyuma. Akisimama mtangazaji na kusema Wangechi wa Ndirangu, nitapiga makofi yangu, kisha nitapiga na ya mama.