Gauni la Mgongo Wazi

Kisa hiki nimekiandika mara nane na mara nane nimekichana, kwa sababu kila mara nilihisi nimekipamba. Hii ni mara ya tisa na sitapamba chochote. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa mtaani kwetu Kamalondo, saa kumi ya alasiri, mvua ikinyesha. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na hata usiku ulikuwa haujaingia. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, ili baadaye tusikilizane.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani. Naogopa watu. Simaanishi wezi wala walevi. Naogopa watu tu. Mgeni akisimama mlangoni, mikono yangu inatoka jasho na maneno yanapotea. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu za mama, nikatandaza vipande sakafuni, nikatazama vilivyokatwa, kisha nikavirudisha kama vilivyokuwa. Mengine niliyapata kwenye video za simu. Ndiyo maana kila mshono naufumua na kuurudia, kwa kuwa sina mwalimu wa kuniambia kwamba sasa inatosha. Shati la siku mbili kwangu lilikuwa linachukua wiki mbili, na wateja walikuwa wamechoka.

Cherehani ni ya dada yangu mkubwa, yaya Béatrice, anayefanya biashara kule Mokambo, mpakani na Zambia. Wiki ile alinipigia simu.

"Weye unashonaka ao unachezaka?" aliniuliza. "Client moya tena alalamike, mashini nauzisha. Utakuya huku, tutauzisha unga."

Kuuza unga mpakani maana yake ni kuita wageni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilikata simu nikalia.

Siku mbili baadaye akaja mwanamume wa miaka arobaini na kitu, kutoka mtaa wa Golf, kule kwenye majumba yenye kuta ndefu. Viatu vyake vilikuwa safi, macho yake mekundu. Alileta kitenge cha bluu chenye ndege weupe, pamoja na gauni kuukuu la kupimia.

"Ni ya mama," alisema. "Yeye hawezi kufika. Mikono mirefu. Mugongo uache wazi mupaka chini, utie kamba tu za kufungia. Kesho asubui nakuya kuchukua." Kisha akaongeza, kama mtu anayejibu swali ambalo sikuliuliza: "Mama alizaliwa huku Kamalondo. Alisemaka, nguo yake ya maana itoke huku."

Fundi aliyesomea kazi angemwuliza jambo. Mimi niliandika tu kwenye daftari: mgongo wazi. Nilidhani ni mtindo mpya. Watu wa Golf wana mambo yao, nilijisemea, na kuuliza kungenilazimu kuzungumza.

Kufikia alasiri nilikuwa nimefumua bega la kulia mara tatu. Gauni la kupimia lilikuwa limelegea kwapani na kubanwa kiunoni kwa mshono wa mkono, na sikujua lipi kati ya hayo ndilo umbo la mama mwenyewe. Mvua ikaanza, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka husikii mawazo yako. Barabara ikabaki tupu. Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama kwenye barza, kile kibaraza cha mbele ya mlango wangu.

Alikuwa mfupi, wa miaka sitini hivi, na kitambaa cheupe kichwani. Alivaa kanzu nyepesi ya kijani, na mkono mmoja alikuwa ameupeleka nyuma, ameishika kanzu hiyo kiunoni kama mtu aliyekatikiwa na zipu.

Siku nyingine ningeinamisha kichwa na kujifanya nahesabu pini mpaka aondoke. Sijui kilichonipata siku ile. Labda ni hofu ya Mokambo. Labda ni kwa sababu umbo lake lilifanana na umbo nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi.

"Jambo mama," nilisema. "Ingia, mvula itakulowesha."

"Nilifikiri hautasema kintu," alijibu akiingia. "Niko hapa tangu zamani. Siku hizi bantu ba Kamalondo banapita muntu kama banapita mulingoti ya umeme."

Nilicheka. Sikumbuki mgeni mwingine aliyewahi kunichekesha. Nikamweleza shida yangu, nikamwomba alijaribu gauni nililokuwa nashona ili nione mabega.

"Batakulipa weye, mi nisimame bure?"

"Nitakupikia chai, mama."

"Chai siku hizi haipiti," alisema, akagusa koo.

Akalivaa juu ya kanzu yake. Lilimkaa. Nikazungusha futi kifuani nikamwambia avute pumzi, kwa maana fundi husoma namba mbili, ya pumzi ndani na ya pumzi nje.

"Niko navuta," alisema.

Futi haikusogea. Nikangoja. Haikusogea hata kwa upana wa uzi. Niamini, mimi ni mtu wa kupima mara tatu, na nilipima mara tatu. Nikajisemea kwamba futi imezeeka. Wewe ungesema nini? Na wanaosimulia mambo kama haya husema ngozi ilikuwa baridi. Hapana. Ngozi yake ilikuwa na joto, kama yangu.

Kisha akapitisha mkono mgongoni. "Na huku? Juu ya nini iko wazi?" Alitaka kujua sababu.

"Mwenye nguo njo alisema hivi."

Akazishika zile kamba za kufungia. "Muntu mwenye kutembea anavaaka robe ya namna hii?"

"Sijui, mama. Mi nilijifunza peke yangu."

"Njo vile," alisema, kama kusema ndivyo ilivyo, na hakunidhihaki. "Funga ile mugongo. Tia zipu. Na mifuko mbili, nipate fasi ya kutia mukono."

Nikamwambia siwezi, mteja atalalamika na dada atauza cherehani. Maneno yalipoanza kutoka hayakukoma. Nilimwambia kuhusu Mokambo, kuhusu kufumua, kuhusu jasho la mikono. Nilimwambia hata jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba siku moja mteja alipogonga, nilijificha chini ya meza ya kukatia kwa nusu saa nzima mpaka akaondoka.

"Chini ya meza," alisema, akishika meza yenyewe kwa kicheko. "Na hakukuona?"

"Aliona miguu."

"Aa, mutoto wangu." Alijifuta macho, kisha sura yake ikabadilika. "Sikia. Mi pia niko na woga leo. Tuko babili. Funga mugongo, na usifumue. Ukifumua, hata mara moya, mi sitafika."

"Kufika wapi, mama?"

"Kwetu."

Akalivua gauni akanipa. Nikakaa kwenye cherehani ya miguu, nikatia mifuko, nikatia zipu, nikafunga mgongo kutoka shingoni mpaka chini kwa mkupuo mmoja, mara ya kwanza maishani mwangu. Yeye alisimama kando akinisimulia habari za baba yake, mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akirudi nyumbani akinuka mafuta na kuwanyima watoto salamu mpaka anawe. Nilipokata uzi na kuinua uso ili nimwonyeshe, nilikuwa peke yangu. Mvua ilikuwa bado inanyesha kwa nguvu ileile.

Hapo ndipo woga ukaniingia. Na bado sijasema kilichonitesa zaidi. Mshono ulikuwa umepinda kidogo kiunoni. Mkasi ulikuwa hapo, na usiku kucha vidole vyangu viliutaka. Ningeweza kuufumua mshono, nikarudisha mgongo wazi kama mteja alivyoagiza, nikaokoa cherehani, nikasema niliota. Nilikalia mikono yangu mpaka jogoo wa jirani akawika.

Mwanamume alifika asubuhi. Akaligeuza gauni.

"Nilisema wazi," alisema kwa sauti ya chini.

Papa Mwamba, fundi wa mlango wa pili ambaye ameshona Kamalondo tangu sijazaliwa, alikuwa amekuja kuazima kiberiti. Akalitazama gauni, akamtazama mteja, akaniinamia.

"Mutoto, robe ya mugongo wazi ni ya maiti. Bamuvalishe bila kumukunja mikono. Haukujua?"

Sikujua. Mafundi wote wa mtaa huu wanajua, ila mimi.

Mwanamume akafunika uso. Kisha akasema ambalo hakuthubutu kulisema siku ya kwanza: mama yake hakuwa amekufa. Ilikuwa siku yake ya saba hospitalini bila kuamka, mpira kooni, mashine ikimvutia pumzi, na madaktari walikuwa wameiambia familia ijiandae. Kaka zake walimtuma ashonishe mapema. Alikuwa ameona aibu kumshonea mama nguo ya kaburini naye bado yuko kitandani.

Nilimweleza yote bila kupumzika. Mwanamke mfupi, kitambaa cheupe, kanzu ya kijani ya kufungwa nyuma, kama zile za wagonjwa.

"Usinicheze," alisema.

"Aliomba mifuko, papa. Apate fasi ya kutia mukono."

Akakaa kwenye kiti changu. Kisha akaondoka na gauni. Siku mbili nilingoja simu ya yaya Béatrice ya kuniambia cherehani inauzwa. Simu haikulia.

Siku ya tatu yule mwanamume akarudi kunichukua twende hospitalini. Njiani alinieleza habari alizozikuta hospitalini siku aliyochukua gauni: jioni ile ya mvua mama yake alianza kusogeza vidole, na siku iliyofuata wakamtoa mpira. Neno la pili alilosema, baada ya kuomba maji, lilikuwa kuuliza robe yake iko wapi.

Nakiri kwamba niliingia kile chumba nikiomba awe mtu mwingine. Mama Georgette, ndilo jina lake, aligeuza kichwa juu ya mto akaniangalia kwa muda mrefu. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Njo huyu," alimwambia mwanawe. "Wa chini ya meza."

Nilishika ukingo wa kitanda. Yeye alitabasamu tu.

Tangu hapo miaka miwili imepita. Kila Jumamosi analetwa Kamalondo, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananisema, ananichekesha. Ana umri wa kuwa bibi yangu, na ndiye rafiki wa kwanza niliyempata bila kupewa na shule wala familia. Anakumbuka mvua na sauti ya cherehani. Zaidi ya hapo hataki kuulizwa, nami siulizi. Gauni la ndege weupe analivaa misani, na kila nikimwomba aniachie ninyooshe ule mshono wa kiunoni, ananijibu kwamba nikiugusa tutagombana. Cherehani bado iko kwangu. Yaya Béatrice siku hizi anauliza tu kama nimekula.

Lakini usidhani nimepona woga. Kila mtu anaposimama kwenye barza yangu, natamani kujificha chini ya meza vilevile. Nasema jambo hata hivyo. Wengi wanataka tu kujikinga jua au kuuliza njia ya soko. Mzee mmoja aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Nawatazama wote kwa makini, kuanzia kichwani mpaka viatuni, na sijawahi kuweza kutambua nani yuko hapa mzima na nani ameacha mwili wake mahali pengine na anatafuta njia ya kurudi. Hata wewe hutaweza. Kwa hiyo usimpite. Msalimie, na umsalimie upesi, kwa sababu hujui amesimama hapo tangu lini.