Dokta Aliyekataa Kuning'oa Jino

Nilifika hospitali ya kampuni nikiwa nimeshaliaga jino langu. La mbele, la juu, lile ambalo watu wanaliona kabla hujasema neno. Mwaka jana nilikuwa ninakunywa maji kwenye robine, bomba la shule, mwenzangu akanisukuma kichwa kwa mchezo, chuma kikagonga jino. Halikuvunjika, tukacheka. Mwaka huu likaanza kuuma, kwanza kidogo, kisha mpaka nikawa ninauma shuka.

Kwetu Shituru jino likiuma linang'olewa, basi. Mama ana mapengo, majirani wana mapengo. Baba anafanya kazi kiwandani, kwenye mabeseni ya asidi, na ule moshi umeyala meno yake mpaka yamebaki mafupi kama ya mtoto. Akicheka anaweka mkono kinywani. Mimi hata bila pengo ninaogopa watu. Njia nzima niliwaza: kuanzia leo sitafungua kinywa tena darasani.

Dokta akanimwagia maji baridi kwenye jino. Nikapiga kelele.

"Mung'oe tu, dokta," mama akasema. "Hatulale tena ku nyumba."

"Hapana, mama. Jino hii sing'oe. Tutaua nerfu, jino itabakia."

"Kuua? Ndani ya kinywa ya mutoto wangu?"

Akatueleza taratibu. Ndani ya jino mna uzi mwembamba, ndio unaouma. Leo atatoboa kwa nyuma, atie dawa ya kuua ule uzi, afunge. Alhamisi ijayo atafungua, autoe, asafishe shimo lake, alijaze.

"Sasa musikie muzuri. Uchungu utaisha mbele ya Alhamisi. Hapo njo batu banakosea, banasema nimepona, habarudie. Ile dawa ni sumu. Ikikawia itakula mufupa, na jino itaenda."

Sumu! Alilitamka kama mtu anayesema chumvi. Nikafunga kinywa.

"Sasa weye unafunga, minye nitapitia wapi? Mu pua?"

Nikafungua. Mashine ikanguruma, nikasikia harufu ya pembe inayoungua, na pembe yenyewe ilikuwa mimi. Machozi yalinimwagikia masikioni.

Ilikuwa kama alivyosema. Usiku wa kwanza uliuma vibaya, halafu siku moja nikaamka na hakuna kitu. Nikala bukari, ugali wetu, na samaki, nikatafuna hata mifupa. Mama akafurahi.

"Shi umepona? Utarudi kufanya nini? Na Alhamisi weye iko na animasyo."

Hilo ndilo lililokuwa baya. Alhamisi hiyo wageni wa chama kinachotawala walikuwa wanakuja kutembelea kiwanda, na shule yetu ilipaswa kuwapokea kwa nyimbo na ngoma za kumsifu mkuu wa nchi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Mtu akikosa animasyo, baba yake anaitwa kazini kujieleza. Na mwalimu wa animasyo, mimi sikuwahi hata kumsalimu "jambo".

Nilimtazama baba anisaidie. Akasema, "Jino ni ya weye. Uende umuambie weye mwenyewe."

Jumatano, kwenye mazoezi, nilimfuata mwalimu mbele ya wote. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya Kifaransa, yote yakanipotea.

"Mwalimu, kesho asubuhi siwezi kuja. Niko na sumu mu jino."

Kisha mmoja nyuma akaita, "Asiume muntu, eh!" na mistari yote ikaangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze.

"Sitwayeni," mwalimu akasema, yaani raia, ndivyo chama kinavyotaka tuitwe, "sumu ya nani?"

"Ya dokta."

Akaniambia nifungue kinywa. Akainama, akaona ile dawa nyeupe nyuma ya jino, akarudi nyuma haraka kama vile itamrukia.

"Uende! Uende asubuhi. Ngoma ni saa nane, saa saba uwe hapa."

Bado siamini kwamba ni mimi niliyesema.

Alhamisi dokta alifungua jino, akaingiza kisindano chembamba kama unywele, akakizungusha, akavuta. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Sikusikia kitu. Akanionyesha: kwenye ncha palining'inia kiuzi laini, chekundu kidogo, kifupi kuliko ukucha wangu.

Mama alifanya ishara ya msalaba. "Ni hii tu?"

"Njo hii tu, mama."

Nilishindwa kuacha kukitazama. Kitu hiki kilikuwa kinaniliza usiku! Dokta alikipangusa kwenye pamba kama uchafu, akaendelea kusafisha kwa visindano vingine, akajaza shimo. Akasema jino litageuka rangi polepole, maana limekufa, lakini litakaa.

Halafu akaligonga na kichuma. Nikaruka kabla hakijafika.

"Unaruka nini? Muntu haiko tena mu ndani."

Akagonga kwa nguvu zaidi. Ko, ko. Sauti ilifika mpaka kichwani, uchungu haukuja. Mama akaniambia niteremke, wageni wanakaribia, lakini nilibaki nimekaa, kinywa wazi, ninaungoja ule uchungu.