Mtu wa Getini Aliyemuulizia Hana

Sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia, na jua lilikuwa bado kali. Nayasema haya mapema kwa sababu kanisani nimeshaambiwa kwamba yalikuwa mawazo tu. Mawazo yanaomba maji?

Namtunza bibi mmoja Mzungu huku Glenwood, Durban. Namwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Macho yake yameisha, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea kwenye kompyuta. Mwaka mzima tulimtafuta babu wa babu yake, Samweli. Huko Uingereza aliiba jora la kitambaa, wakamfunga minyororo na kumpeleka kwa meli mpaka Tasmania, akaacha mke na mtoto. Alipomaliza kifungo alipanda meli ya kurudi. Kumbukumbu zinasema alishuka Durban, mgonjwa. Baada ya hapo hatukupata kitu, hata kaburi.

Siku moja tukampata mkewe, Hana. Miaka mingi baadaye, serikali yao ilipohesabu watu, alikuwa bado ameandikwa mke wa mtu. Si mjane. Gogo akaniomba nisome tena, nikasoma. Mimi pia mume wangu, Etienne, aliondoka nyumbani kwetu Uvira kutafuta kazi, na mpaka leo sijui aliko.

Alasiri hiyo hiyo, Gogo akiwa amelala, nikasikia mtu anabisha geti. Alikuwa Mzungu mwembamba, miguu mitupu, amevaa koti zito lisilofaa joto la Durban.

"Mama, naomba maji."

Niamini, alisema Kiswahili, tena kile chetu cha Uvira. Nikampitishia kikombe kati ya nondo. Akanywa, akanywa, na mimi nikaangalia chini. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimezungukwa na makovu, kama vya mnyama aliyefungwa kamba siku nyingi.

"Hana alishaolewa na mwingine?" akauliza.

Wewe ungejibu nini?

"Hapana," nikasema. "Alikungoja."

"Mpaka lini?"

"Sijui, baba. Hatujaona popote walipoandika kwamba aliacha."

Akaegemeza paji la uso kwenye geti. Kisha akanirudishia kikombe, akashukuru, akateremka barabara ya kwenda bandarini. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Hapo ndipo nikamkumbuka Etienne. Nikakimbilia funguo, nikafungua, nikatoka mbio. Barabarani walikuwako wanafunzi tu na mabegi yao. Hawakuona mtu.

Gogo alipoamka nilimweleza yote. Hakucheka.

"Alikuwa analia?" akauliza.

"Hapana, Gogo. Alikuwa kama mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani."

Akalia yeye. Tangu siku hiyo hajaniomba tena nimtafute Samweli.

Mimi ndiye nisiyetulia. Kuna mwanaume mwema anayetaka kunioa, na sijaweza kumjibu. Kila alasiri naketi karibu na geti. Yule wa maji akirudi, ningemuuliza swali moja tu: huko alikotoka, Etienne yuko? Kama yuko, nilie nimalize. Kama hayuko, niendelee kungoja.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Akikujia mtu wa namna hiyo, usifanye haraka kumpa anachokitaka. Muulizie wa kwako kwanza. Akishajibiwa, hana tena sababu ya kurudi.